Roboti Haitapanda Ndege Nawe

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kwenda nje kusomea ubunifu majengo wa kikompyuta huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu. Mara nyingi ni lile banda la mbao lililosimamishwa Heilbronn, Ujerumani, mwaka 2019 kwa ajili ya maonyesho ya bustani: vipande 376 vya mbao, kila kimoja na umbo lake, vilivyotengenezwa kwa roboti vikafanya paa la upana wa mita 30 lisilo na nguzo hata moja katikati. Wengine huja na kuba la mawe lililojengwa Venice mwaka 2016 na watafiti wa ETH Zürich pamoja na wenzao, mawe ya chokaa 399 yaliyosimama bila saruji wala gundi, kila jiwe likiegemea la jirani. Halafu husema, "Mwalimu, nataka kusoma hiki."

Hiki kipi? Ndani ya picha moja mna kazi nyingi. Yuko aliyetafuta umbo. Yuko aliyeandika programu ya kuzalisha vipande vyote 376 na kuhakikisha vinakutana kingo kwa kingo. Yuko mhandisi aliyekokotoa namna uzito unavyoteremka hadi kwenye msingi, yuko aliyeipangia roboti njia ya kupitisha mkono wake, na yuko aliyekaa na kampuni ya mbao kubishana juu ya gharama. Vyuo navyo vimegawanyika vivyo hivyo, na kozi inayomlea wa kwanza si lazima imlee wa nne. Anayechagua kwa picha anaweza kulipa ada ya kujifunza kazi ambayo hakuwa na hamu nayo.

Mimi ninacho kipimo kimoja ninachokitanguliza mbele ya jina la chuo: siku utakaporudisha kadi ya mlango wa karakana na kurejea Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ni kitu gani utaendelea kukiweza? Mkono wa roboti wa kiwandani unabaki ulikokuwa. Mzigo unaorudi nao ni jiometria, uwezo wa kuandika programu, kujua nguvu zinavyopita ndani ya umbo, na mazoea ya kuuliza swali linaloweza kupimwa. Kozi inayokuachia hayo inafaa hata kama picha zake hazisisimui mtu.

Marekani ndiko mizizi mingi ya fani hii ilikozama. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha MIT programu yake ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 George Stiny na James Gips wakaeleza jinsi kanuni chache zinavyoweza kuzalisha maumbo mengi, na Stiny akaja kuifundisha nadharia hiyo MIT kwa miaka mingi. Ndiyo maana shahada ya pale iitwayo SMArchS, katika mkondo wa usanifu na ukokotoaji, ina harufu ya falsafa na hisabati. Inachukua miaka 2, na unaweza kuimaliza bila kujenga hata ukuta mmoja. Carnegie Mellon, Pittsburgh, nao wana shahada ya miaka 2 ya usanifu wa kikompyuta inayokaribiana na sayansi ya kompyuta yenyewe. Ukiwa na ndoto ya uzamivu, au ya kutengeneza programu ambazo wabunifu wengine watazitumia, huko ndiko kwako. Ukiwa mtu wa saiti, mtu wa kugusa udongo na mbao, nadhani utachoka mapema.

London ina ladha mbili. Shule ya Usanifu ya AA ina Design Research Lab (DRL), iliyoanza mwaka 1997, kozi ya miezi 16 inayofanyika kwa vikundi na yenye uhusiano wa miaka mingi na ofisi ya Zaha Hadid: Patrik Schumacher, anayeiongoza ofisi hiyo leo, ni mmoja wa waanzilishi wa kozi. Humo utazama katika umbo. Shule hiyo hiyo ina kozi nyingine, Emergent Technologies and Design, inayoegemea zaidi maumbile na uhandisi. Ladha ya pili iko Bartlett, chini ya UCL, ambako Bill Hillier na wenzake waliendeleza namna ya kupima jinsi mpangilio wa vyumba na mitaa unavyoongoza mwendo wa watu. Kitabu alichoandika na Julienne Hanson, *The Social Logic of Space*, kilitoka mwaka 1984, na programu ya depthmapX inayofanya vipimo hivyo inapatikana bure. Kwa anayefikiria Manzese, Kibera au Katwe, mitaa ambayo watu waliipanga wenyewe bila ramani ya mjini, mimi huona somo hili lina nguvu kuliko roboti kumi. Cha ajabu, waombaji wa kwetu hulitaja mara chache sana.

Halafu kuna Ujerumani na Uswisi. Chuo Kikuu cha Stuttgart kina shahada ya ITECH, ya mihula 4 kwa Kiingereza, inayoendeshwa na taasisi mbili: ile ya Achim Menges ya usanifu wa kikompyuta na ile ya Jan Knippers ya miundo ya majengo. Wabunifu na wahandisi hukaa darasa moja, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa machoni pangu, kwa kuwa mbunifu anatoka akiwa ameshazoea kubishana na mhandisi kwa lugha ya mhandisi. Mabanda yao ya utafiti, tangu lile la plaiwudi iliyopindwa la mwaka 2010 hadi yale ya nyuzi za kioo na kaboni, yametokana na ushirikiano huo. ETH Zürich wana kozi ya mwaka mmoja ya uundaji wa kidijitali. Ni kozi ya kujenga kweli kweli, nzuri kwa aliyekwishafanya kazi miaka kadhaa, na kali kwa aliyetoka chuoni jana. Kundi la Philippe Block la hapo hapo ETH hutoa COMPAS, mkusanyiko wa programu za Python ulio wazi kwa kila mtu. Uzuri ni kwamba unaweza kuanza kuutumia leo ukiwa Mwanza, ukapima kama kweli kazi yenyewe unaipenda.

Delft wana mkondo wa teknolojia ya majengo wa miaka 2, Copenhagen wana kituo cha CITA na shahada yake ya ukokotoaji katika usanifu, na Barcelona wana IAAC yenye kozi nyingi za roboti na uchapaji wa udongo kwa mashine. Kwa Hispania uliza kitu kimoja kabla ya vyote: je, shahada ni ile rasmi inayotambuliwa na dola, au ni ile ambayo chuo hujitungia chenyewe? Zote mbili huitwa "master", zote zinaweza kuwa na walimu hodari, lakini mbele ya mamlaka za kwetu hazina uzito mmoja.

Kabla ya fedha, twende kwanza Kigali. Uwanja wa kriketi wa Gahanga ulifunguliwa mwaka 2017. Jengo lake kuu ni makuba ya vigae vyembamba vilivyoshindiliwa kutokana na udongo wa Rwanda uliochanganywa na saruji kidogo. Umbo la makuba hayo linafuata njia ambayo uzito wenyewe hupita kushuka chini, hivyo udongo hubanwa tu wala hauvutwi, na udongo unapobanwa huvumilia sana. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni Michael Ramage wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeshiriki pia katika makuba ya kituo cha Mapungubwe, Afrika Kusini, yaliyokamilika mwaka 2009. Hapakuwa na roboti. Walikuwapo mafundi waliofundishwa papo hapo, fremu za kuongozea, na jiometria iliyokokotolewa vizuri kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa. Ukiona kozi inafundisha kutafuta umbo kwa njia hiyo, iwe Zürich, Cambridge au MIT kwa John Ochsendorf, fahamu kwamba unanunua kitu kitakachofanya kazi hata pale umeme ulipokatika.

Sasa majina ya shahada, maana hapa watu wameumia. Uingereza neno "MArch" hubeba vitu viwili tofauti. Bartlett pekee ina MArch ya Architecture, ambayo ni ngazi ya pili ya kuelekea usajili wa mbunifu nchini humo, na ina MArch ya Architectural Design, ambayo si ngazi ya usajili bali ni shahada ya utafiti wa usanifu. DRL nayo iko kundi hili la pili. Marekani hali ni ile ile: M.Arch iliyoidhinishwa na NAAB, bodi ya ithibati ya kozi za usanifu, hukuweka kwenye njia ya leseni, ilhali SMArchS na shahada nyingi za sayansi za kikompyuta hazikuweki. Kwa aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya kitaaluma Ardhi, Nairobi au Makerere hilo si tatizo, mradi njia yake ya usajili nyumbani iko wazi. Lakini kama unategemea uzamili ndio ukamilishe masharti ya Bodi ya usajili, yaani AQRB kwa Tanzania au BORAQS kwa Kenya, waandikie Bodi kabla ya kuomba, ukitaja jina kamili la kozi, nao wakujibu kwa maandishi. Kwa Tanzania jua pia kwamba Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo inayotambua shahada za nje. Na kama umebakiza muda mfupi tu wa mafunzo kazini kabla ya mtihani wa usajili, ushauri wangu ni umalize kwanza. Kukaa nje miaka miwili halafu ukarudi kuanza kutafuta sahihi za msimamizi ni adha isiyo na sababu.

Fedha na muda husomwa pamoja. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia kozi za uzamili za miezi 9 hadi 12, hudai angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na hukutaka urudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. Kwa hiyo kozi ya miezi 16 inaanguka hapo hapo, hata kama chuo kimekukubali kwa mikono miwili. Shahada ya sayansi ya Bartlett ya ukokotoaji wa usanifu, ya mwaka mmoja, inaingia. Usisahau ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaruhusiwa kuuomba. Ujerumani, shirika la DAAD lina ufadhili mahsusi kwa wabunifu majengo, ambapo kazi zako za kuchora hutazamwa na jopo, si alama za cheti tu.

Hata bila ufadhili, hesabu ya Stuttgart haitishi kama watu wanavyodhani. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, yaani yuro 6,000 kwa mihula yote 4, pamoja na michango midogo ya chuo. Kinachowakwamisha wengi ni viza: unatakiwa kuonyesha akaunti maalumu ambayo fedha zake hutolewa kidogo kidogo kila mwezi, na tangu Septemba 2024 kiwango chake ni yuro 11,904 kwa mwaka. Familia nyingi zinaweza kuchangishana ada lakini haziwezi kuweka kiasi hicho mahali pamoja kwa mkupuo. Anza kukizungumzia nyumbani mapema, mbele ya wajomba na mashangazi wanaohusika, kwa tarakimu halisi.

Kwa wanaotazama Marekani kuna jambo dogo lenye thamani kubwa. Kila kozi ina namba ya serikali inayoonyeshwa kwenye fomu ya I-20. Namba 04.0201, ya usanifu majengo wa kawaida, haimo katika orodha ya fani za sayansi na teknolojia, ilhali namba 04.0902, ya sayansi na teknolojia ya majengo, imo. Mhitimu wa fani iliyo kwenye orodha anaweza kuomba miezi 24 ya ziada ya kufanya kazi juu ya ile 12 ya kawaida. Vyuo viwili jirani vinaweza kufundisha mambo yale yale chini ya namba tofauti, basi uliza ofisi ya udahili namba yao ni ipi. Ujerumani mhitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Uingereza ni miaka 2, na serikali ya huko imekwisha kutangaza kuipunguza iwe miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027.

Namna ya kukichunguza chuo bila kusafiri ipo, nayo haigharimu kitu. Hifadhi ya CumInCAD imekusanya maelfu ya makala za mikutano ya fani hii, kama ACADIA ya Amerika Kaskazini na eCAADe ya Ulaya. Tafuta makala zilizoandikwa na wanafunzi wa kozi unayoitaka. Soma tatu au nne kwa utulivu. Zikikuchosha kabisa, umeokoa miaka miwili. Zikikufanya uchukue karatasi na kuanza kuchora, andika majina ya waandishi, uone wako wapi sasa: ofisini, kwenye kampuni za programu, au bado wako chuoni wakifundisha? Kisha mwandikie barua pepe mwanafunzi aliyeko huko sasa. Usimuulize kama kozi ni nzuri, maana atakujibu ni nzuri. Muulize ameishika roboti kwa saa ngapi yeye mwenyewe, nani aliyechagua mada ya tasnifu yake, na katika kikundi chao nani aliandika programu. Swali hilo la mwisho ni muhimu mno. Katika vikundi vya watu wanne au watano mara nyingi anayejua programu tangu mwanzo ndiye anayeandika hadi mwisho, na wenzake wanatoka na picha nzuri wasizoweza kuzirudia.

Hivyo usiende mikono mitupu. Rhino, programu ya kuunda maumbo ambayo Grasshopper ya David Rutten imo ndani yake, hutolewa kwa majaribio ya siku 90, na leseni ya mwanafunzi ina bei nafuu tena haina mwisho. Blender na Python ni bure. Ladybug, ya kuchambua hali ya hewa, nayo ni bure, na faili za hali ya hewa za miji yetu mingi zinapatikana mtandaoni bila malipo. Rudia hesabu ya vekta na matriki uliyoiacha kidato cha sita, kwa sababu mambo mengi yanayoonekana kama uchawi kwenye Grasshopper ni vekta tu zinazojumlishwa.

Kazi utakazotuma ziwe na angalau mradi mmoja ambao ukokotoaji umetatua kitu cha kweli. Nimeona makasha mengi ya kazi yaliyojaa minara iliyopindwa kama kitambaa, nayo hayamshtui mwalimu anayeona mia kama hayo kila Januari. Afadhali hiki: nondo zetu huuzwa kwa urefu wa mita 12, na kila saiti ina lundo la mabaki. Andika programu ndogo inayopokea orodha ya nondo zinazotakiwa na kupanga ukataji ili mabaki yapungue, ijaribu kwenye jengo halisi la ghorofa mbili, onyesha kabla na baada. Ni hesabu ngumu inayoheshimika duniani kote, na data unayo mlangoni. Au nenda kwenye nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, ambako vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa zaidi ya upana wa mita 3 hivi. Urefu wa mti mmoja umepanga nyumba nzima, na mitaa ikafuata. Mwombaji anayeanza barua yake na swali linalotokana na jambo kama hilo, akaeleza ni maabara gani ya chuo inaweza kumsaidia kulijibu na kwa nini, anasomwa hadi mwisho. Anayeanza na "tangu utotoni nilipenda kuchora" anawekwa pembeni kwa upole.

Alama zako ziandike kama zilivyo, na kipimo chake. GPA ya 3.8 kati ya 5 ya Tanzania ni daraja la pili la juu. Ukiipeleka uchi kwenye fomu ya Marekani, mtu atadhani ni kati ya 4. Usiibadilishe mwenyewe, acha chuo kifanye hesabu. Barua za mapendekezo omba mapema, kuanzia Agosti au Septemba, kwa mwalimu aliyekusimamia kweli hata kama hana cheo kikubwa, na mpelekee orodha fupi ya mambo uliyofanya chini yake. Mkumbushe kwa adabu kila baada ya wiki mbili. Walimu wetu wana madarasa makubwa, na barua iliyochelewa siku moja ni sawa na barua isiyoandikwa.

Na ukipata nafasi mbili, moja yenye jina kubwa bila fedha na nyingine ya kawaida yenye ufadhili, usikubali wala kukataa wiki ile ile. Waandikie wale wa jina kubwa uulize kama wana punguzo la ada au nafasi ya usaidizi wa utafiti; wengi hawana, lakini wachache huwa nayo na hawaitangazi. Vyuo vingi vinaweza kukuhifadhia nafasi hadi mwaka unaofuata. Ufadhili kwa kawaida hauahirishwi, na Chevening hawaahirishi kabisa.